Makawa Yako kwa Jina la Nani

Harrow, London

Mdogo wangu Zuwena,

Salamu za amani zikufikie wewe na wote mlio chini ya paa lenu hapo Wete. Sisi huku tu wazima. Goti la wifi yako Asha limetulia tangu baridi ipungue, na binti yetu Raya bado anafanya kazi hospitali, upande wa vipimo. Anarudi nyumbani amechoka na hataki kusemeshwa mpaka amekula. Nami afya yangu ni ya mtu wa umri wangu, sina la kulalamikia. Nijulishe presha ya shemeji imefikia wapi, na kama dawa alizoandikiwa hospitali ya Chake Chake anazimeza au anaziweka kabatini kama zile za mwanzo.

Utajiuliza kwa nini naandika karatasi na hali tunazungumza kwa simu karibu kila wiki. Ni kwa sababu sauti ikishaingia kwenye simu haina mwenyewe. Ule ujumbe wako wa mwisho, ulionitumia mimi peke yangu, nilikuja kuusikia tena kwenye simu ya mtu nisiyemjua, dukani ninaponunua ndizi. Sijui ulipita wapi. Barua hii anakuletea mwanamke wa Chake anayerudi likizo. Nimeifunga kwa gundi na nimemwambia ndani mna picha za familia. Ukiiona imefunguliwa, nijulishe.

Uliniuliza swali moja: Bwana Nassor ni mtu wa kukabidhiwa mzigo? Jibu liko mbele. Lakini usiruke ukalifuata huko. Soma kwanza nilivyolifikia, maana akinamama wenzako watakuuliza, na "kaka kasema" si jibu la kumpa mtu aliyesuka miezi yote hii.

Kwanza nieleze ninavyoelewa mimi, unisahihishe nikikosea. Makawa na mikoba ya ukili imekwisha kusukwa, imefungwa, iko sebuleni kwako mpaka wageni wanakaa barazani. Wanunuzi wapo. Ni Wajerumani na Wafaransa wanaoyaona kwenye ukurasa wenu mtandaoni, na kama ulivyonihadithia huku ukicheka, hawayafunikii chakula kama sisi. Wanayatundika darini wakatia taa ndani. Wamenunua, wafanye wapendavyo. Shida yenu ni njia. Kawa likitumwa peke yake kwa posta linachelewa, kisha mnunuzi anagongewa mlango na kuambiwa alipe ushuru na kodi asiyoitarajia. Anakataa. Kawa linarudi Pemba limebonyea.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Nassor. Amekuambia mlete mzigo wote kwa mkupuo mmoja. Ana nafasi katika ghala la Uholanzi na ana ghala jingine hapa London. Oda ikiingia, watu wake wanatoa kawa kwenye rafu, wanafunga, wanabandika anwani, na linamfikia mnunuzi kama limetoka mtaa wa pili. Ushuru na VAT ni juu yake. Nyinyi kazi yenu ni kusuka.

Kazi ya namna hii ipo na ni halali. Nimewauliza watu wasiomjua yeye wala mimi. Zamani ghala la London lilitosha. Tangu Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, kifurushi kinachotoka hapa kwenda Ujerumani kinavuka mpaka kama kilichotoka kwenu. Kwa hiyo anayewauzia Wajerumani hutaka bidhaa zake ziwe zimeshaingia ndani ya Ulaya kabla hazijanunuliwa. Lakini lipo sharti moja, na hili ulitie akilini: nchi ambamo bidhaa zako zimelala inakuhesabu wewe kuwa ni mfanyabiashara wa huko. Inakutaka ujiandikishe, upewe namba ya kodi, na kila kipindi utoe taarifa ya ulichouza. Kawa likiwa kwenye rafu halisemi ni la nani. Linasemewa na ile namba.

Basi nikaenda Hounslow, kwenye ghala lake la hapa London, kumwona.

Ghala liko nyuma ya gereji za magari, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipita mazungumzo yanasimama na kila mtu anaangalia chini mpaka imalize. Ndani ni safi. Rafu zimekwenda hadi darini: vipodozi, makubadhi, kahawa, vitambaa. Wanawake wawili walikuwa wanafunga vifurushi kwa utepe bila kuinua macho. Bwana Nassor alinipokea kwa kofia ya kiua na kizibao cha manjano cha kung'aa, kile wanachovaa watu wa barabarani.

"Sheikh Suleiman! Mwandishi! Leo umekuja kuniandika?"

"Nimekuja kuangalia makawa ya dada yangu yatalala wapi."

"Angalia, bwana, angalia. Humu hata panya haingii bila ya ruhusa."

Aliniuliza habari za marehemu baba, akataja nyumba zetu zote za zamani moja baada ya moja, na wapi palikuwa na kisima. Ana kumbukumbu nzuri. Nilimwacha amalize, kisha nikauliza mzigo ukifika Uholanzi kodi inalipwaje.

"Inalipwa."

"Na nani?"

"Na mimi! Wee vipi, yakhe? Zuwena ni dada yangu pia. Mwambie asiwe na wasiwasi."

Sikumuuliza kama una wasiwasi. Miaka yote niliyofanya kazi ya habari nimejifunza kwamba mtu akijibu swali ambalo hukuuliza, lile uliloliuliza bado liko mezani. Lakini ndege ikapita, na ilipokwisha alikuwa ameshanishika mkono ananionyesha mashine ya kupimia uzito.

Nilirudi nyumbani nikafikiri, nikaamua kufanya kama tunavyofanya kwetu. Nikaulizia. Nikaanza na Mzee Haji, yule aliyekuwa dereva wa mabasi hapa London, ambaye anajua habari za kila Mpemba wa mji huu na za wengine ambao si Wapemba. Nilimkuta nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. Nikauliza kwa adabu: huyu Bwana Nassor ni mtu wa namna gani? Nyumbani kwake kukoje? Anatimiza ahadi? Na huyu mwanawe mkubwa, wanafanya kazi pamoja?

Mzee Haji akatabasamu. "Watu wazuri," akasema. "Watu wa heshima. Nyumba yao haina kelele. Na kijana ni msomi, hana mambo."

Nikauliza wengine wawili, siku tofauti, mahali tofauti. Mmoja akasema ni watu wa heshima na nyumba yao haina kelele. Wa pili akasema nyumba haina kelele na kijana hana mambo. Nilipomwomba anitajie walau dosari moja, hata ndogo, aliangalia viatu vyake akasema hakuna mkamilifu ila Mungu.

Zuwena, hapo ndipo nilipoanza kushuku kwa kweli. Watu watatu wakikueleza habari za mtu mmoja kwa maneno yaleyale, si kwamba wamemjua vizuri, wamepatana. Mashahidi wa kweli hupishana. Mmoja ataona gari jekundu, mwingine ataona la kahawia. Nikaanza kujiuliza Bwana Nassor amewafunga vipi midomo. Nikafika mahali pa kudhani wote wana mzigo wao kwake, wanaogopa kumkasirisha. Nilimwambia Asha: watu hawa wananificha kitu.

Asha alikuwa anachambua mchele. "Na mimi je?" akasema. "Mimi hunifichi kitu?"

"Kitu gani?"

Alinyanyuka akatoa jikoni sinia la halua, kubwa, limefunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa. Mke wa Bwana Nassor ameleta, ameondoka sasa hivi, na maneno aliyoacha ni haya: mambo ya kheri hayafichwi, sisi tumefurahi, na kijana tumeshamgusia.

"Umemwozesha mwanangu bila ya kunambia?" Asha akaniuliza. "Nisikie kwa watu? Nipokee halua mlangoni na kanga ya jikoni?"

Raya alikuwa ngazini. Kiswahili chetu anakisikia chote, ila hutujibu kwa Kiingereza. Aliyoyasema nakutafsiria, kwa kupunguza: kwamba ikiwa baba ameamua, basi na yeye apelekwe Uholanzi akawekwe kwenye rafu, akipata oda afungwe.

Nilikaa kitini nikaelewa. Mimi nina binti ambaye hajaolewa. Bwana Nassor ana mwana ambaye hajaoa. Naulizia nyumba, tabia, ahadi, na kijana. Mtu yeyote wa kwetu angefikiri nini? Na mtu wa kwetu akiulizwa habari za posa, hatoi ushahidi. Anataja sala, anataja heshima, anataja kelele kama hazipo, na yaliyobaki anamwachia Mungu, kwa kuwa hataki kuulizwa Siku ya Kiyama kwa nini alivunja ndoa ya watu. Nimefanya kazi hii nusu ya umri wangu, na nilisahau kumwambia shahidi ninaulizia nini.

Asha alicheka kabla yangu. Raya hakucheka mpaka kesho yake.

Nikarudi kwa Mzee Haji, safari hii nyumbani kwake.

"Mzee wangu, mie sikuulizia posa. Niliulizia biashara. Dada yangu anataka kumpa mzigo."

Alivua miwani akacheka hadi akafuta macho. "Biashara! Ungesema, bwana! Mie nimekwenda mbali, nimeshamwambia mke wangu ashone nguo. Nimekusifia mtu mpaka mwenyewe nikaona haya."

"Kwa hiyo uliyoniambia si kweli?"

"Ni kweli, ila ni kweli ya harusi. Kaa chini nikupe ya biashara."

Naandika aliyoniambia kama alivyoniambia. Bwana Nassor si mwizi. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemlalamikia kuwa amemlia chake kwa makusudi. "Tatizo lake," Mzee Haji alisema, "hajui kutenganisha. Chake, chako, cha yule, vyote anatia chungu kimoja anaita pilau. Siku pilau likiungua, mwenye mchele na mwenye nyama wote wanalala njaa." Akaniambia nikitaka kujua zaidi niende Thamesmead, yuko nesi Mkenya anayeitwa Wambui, yeye alikuwa na mzigo kwa Bwana Nassor na sasa hana.

Thamesmead ni upande wa pili kabisa wa mji, nilibadilisha treni mara kadhaa na kumalizia kwa basi. Wambui anakaa ghorofa ya nne na mama yake mzazi, aliyekuwa anaangalia televisheni kwa sauti ya juu. Kabla hata hajaniuliza shida yangu nilimwambia sikuja kwa habari za posa. Alinitazama kama mgonjwa wa kulazwa.

"Posa ya nani, mzee?"

"Ya mtu yeyote."

"Sawa. Karibu chai."

Wambui anauza vyondo, vikapu vya kusuka vya kwao. Dada zake wanavisuka Kenya, yeye anaviuza mtandaoni akitoka zamu. Wanunuzi wake wengi ni Wajerumani, kama wenu. Mwanzoni Bwana Nassor alimfaa sana. Vyondo vilikuwa vinafika bila mnunuzi kudaiwa kitu mlangoni, na wateja walirudi. Siku moja oda zikaacha kutoka. Akampigia, akaambiwa ni foleni. Akapiga tena, foleni. Mwishowe akachukua likizo akaenda Uholanzi mwenyewe.

"Nilifika kwa hiyo ghala," alisema, "nikaviona. Naviona na macho, mzee, ziko hapo kwa rafu, rangi zangu nazijua. Nikawaambia hizi ni zangu, nimekuja kuzichukua. Yule kijana wa pale akaangalia kompyuta, akaniambia, mama, hapa hakuna mtu wa jina lako."

"Viliandikwa kwa jina la nani?"

"La Nassor. Zote. Zangu, za mwenye kahawa, za mwenye viatu. Namba ya kodi ni moja, ni yake. Sasa kuna mwenye kuuza mafuta ya ngozi alikuwa anaandikisha bei ya uongo, ushuru uwe mdogo. Wakamshika. Wakimshika yeye ni nani wameshika? Ni Nassor. Na wakifunga namba ya Nassor wamefunga sisi wote. Mimi sijawahi hata kuonana na huyo mtu wa mafuta!"

"Na Bwana Nassor alikuambia nini?"

"Aliniambia tuombe Mungu." Akaninyooshea kikombe. "Mimi naomba Mungu kila siku. Lakini vyondo sijaona."

Mama yake akapunguza sauti ya televisheni akasema kwa Kikuyu jambo refu. Wambui hakunitafsiria. Nilielewa vya kutosha.

Nikiwa kwenye treni ya kurudi nikakumbuka kontena. Unakumbuka tulivyokuwa tunaleta mizigo nyumbani? Familia nane zinakodi kontena moja: friji ya huyu, godoro la yule, baiskeli za watoto, mabati ya msikiti. Linaandikwa kwa jina la mtu mmoja, anayejuana na watu wa forodha, na likifika bandarini kila mtu anatoa chake kwa kuaminiana. Bwana Nassor ndivyo alivyoanza kazi, alikuwa mtu wa kontena, na mtu mwaminifu. Hakuna aliyepoteza hata kijiko. Sasa amegeuza kontena likaelekea Ulaya. Anachofanya ni kilekile, ila zile zilikuwa zawadi za nyumbani na hizi ni bidhaa za kuuzwa, na serikali ya huko haijui kuaminiana kwetu. Inajua namba.

Basi nikarudi Hounslow. Alikuwa ameshajua kuwa hakuna posa. Habari hizo zilifika kabla yangu. Alinipokea vizuri, ila hakunishika mkono.

"Kwa hivyo halua yangu imekwenda bure."

"Haikwenda bure. Imeliwa."

Akacheka, nami nikashukuru, kwa sababu nilitaka anijibu akiwa hajakasirika. Nikamuuliza waziwazi: makawa ya dada yangu yataingia Uholanzi kwa jina la nani?

"Kwa jina langu. Ni wepesi kwake."

"Na mafuta ya ngozi yapo kwa jina la nani?"

Ndege ikapita. Ilipopita akasema, "Umekwenda Thamesmead."

"Nimekwenda."

"Yule bibi ana haraka. Mambo ya serikali hayana haraka." Akakaa juu ya boksi. "Suleiman, nikuulize na mimi. Kila mmoja wao nimfungulie namba yake, nimtafutie mwakilishi huko, nimwandikie taarifa zake peke yake, wa makubadhi na wa kahawa, mtu ana mikoba kumi tu, ataweza gharama? Hawezi. Atabaki kijijini kwake anauza kwa watalii. Mimi nimewabeba. Nimewatia chini ya mbawa zangu."

"Ukianguka?"

"Mbona unaniangusha? Mie nakuona unanichunguza kuliko hata kama ingekuwa posa."

Alichosema kuhusu gharama ni kweli, na naandika hapa kwa sababu haki yake ni hiyo. Nilimwambia sitaki maneno mengi. Mzigo wa Zuwena hauji ila kwa namba ya Zuwena, ya kikundi chenu, kwa jina lenu, mkijua nyinyi nini kinaandikwa. Aliniambia atafikiri. Tukaagana. Nilipokuwa mlangoni akaniuliza kama Asha ameipenda halua. Nikamwambia ameipenda.

Alinipigia baada ya siku mbili, nikiwa sokoni. Sauti yake ilikuwa ya furaha. Haya ndiyo mazungumzo, sijaongeza wala sijapunguza.

"Nimekubali, bwana. Umeshinda. Zuwena atapata namba yake mwenyewe Uholanzi. Nimeshazungumza na mtu wa huko anayeshughulikia. Nasubiri picha ya pasi yake ya kusafiria tu, na hiyo ameniahidi."

"Amekuahidi lini?"

"Zamani. Kabla hujaanza ukachero wako."

Hili hukuniambia, Zuwena. Niliendelea kusikiliza.

"Ila na sisi tusaidiane," akasema. "Namba yangu kwa sasa imekaa vibaya, wanaiangalia sana. Hiyo ya Zuwena itakuwa mpya, haina doa. Wale wengine tutawapitisha humo kwa muda, mpaka yangu itulie. Makubadhi, kahawa. Mafuta kidogo. Yeye hatasumbuka na kitu, taarifa zote naandika mie."

"Zuwena analijua hilo?"

"Mambo ya namba nimtie kichwani ya nini? Yeye asuke."

Nikamuuliza kama anaelewa kwamba mtu wa mafuta akiandika tena bei ya uongo, atakayetafutwa ni mwanamke wa Wete ambaye hajawahi kuiona Uholanzi. Akaniambia mimi ni mtu wa kuona mabaya, na kwamba kazi ya magazeti imenikausha moyo. Akanitakia siku njema, kwa adabu, akakata simu.

Sasa jibu lako. Nimeona kwa macho yangu: ghala lipo, ni safi, kazi inafanyika. Nimesikia kwa mwenye mali: vyondo vyake viko kwenye rafu na hawezi kuvigusa. Nimesikia kwa Bwana Nassor mwenyewe: anataka jina lako ili afiche chini yake mizigo ya watu usiowajua. Kwamba ana nia mbaya sijathibitisha, na sidhani. Nadhani anaamini kabisa kwamba anatufanyia hisani, sote, na ndiyo maana kumwonya hakufai kitu. Mwizi hujua anachokificha. Huyu alinieleza sokoni, kwa sauti ya juu, kama mtu anayenialika karamu.

Usimpelekee mzigo. Na picha ya pasi, ikiwa hujaituma, usiitume kwake wala kwa mtu atakayesema ametumwa naye. Ikiwa umeshaituma, na nakuomba usinifiche, mwandikie siku hiyohiyo kwamba hukubali jina lako litumike kuombea namba yoyote, popote, na maandishi hayo uyatolee nakala mbili, moja uiweke na nyingine uniletee mimi. Kisha nipigie. Hili liseme kwa simu, na asikie mwenye kusikia.

Njia nyingine zipo, na hakuna iliyo nyepesi. Yuko yule Mjerumani mwenye duka uliyenitajia, anayetaka makawa mengi kwa pamoja. Mwuzieni yeye. Ayaingize mwenyewe, kwa jina lake na namba yake, alipe kodi ya kwao, ayatie taa au ayafunikie wali. Bei yake ni ya chini kuliko mnayopata kwa mnunuzi mmoja mmoja. Nalijua hilo, na najua Bi Mwanaidi, msukaji mwenzako, ameshaiahidi nyumba yake mabati kutokana na mzigo huu, na kwamba yeye ndiye atakayepiga kelele kuliko wote. Msomee sehemu ya Wambui. Mkishauza huu, kikundi kisajiliwe Zanzibar kwa jina lake, kiwe na karatasi zake, na hapo nitatafuta kampuni inayomwandikisha kila muuzaji peke yake. Zipo. Nimeshazungumza na moja. Wanadai gharama, na waliniuliza maswali mengi kuliko niliyowauliza. Nilipendezwa nao kwa hilo.

Nisalimie shemeji, na umwambie dawa. Nisalimie shangazi yetu wa Mtambwe, nimesikia macho yanamsumbua. Mwenye kwenda Unguja kwa daktari amchukue, nauli nitatuma. Mpe salamu mwalimu aliyenifundisha chuo cha Kurani, ikiwa bado ananikumbuka kwa jema lolote. Wanao wote wawili wabusu. Mkubwa mwambie barua yake ya Kiingereza nimeisoma na Raya ameisifu, ingawa alisahihisha. Akinamama wa kikundi wote, mmoja mmoja, waambie kazi yao nimeiona kwenye picha na sijaona mishono ya haraka.

Bwana Nassor ana mtu wake hapo Wete mwenye gari, na naamini atakuja kabla hujamaliza kutafakari. Mkaribishe barazani, mpe chai. Mwambie mzigo hautoki na aliyeuzuia ni kaka yako. Usitafute maneno laini na usiseme "labda", kwa sababu wao "labda" wanaihesabu kuwa "ndiyo". Lawama zije huku. Mimi na yeye tunasali safu moja kila Ijumaa. Atanuna, nami nitamtolea salamu, na ataijibu.

Ndimi kaka yako,
Suleiman